Mrejesho: nyama imelainika na mchuzi umekuwa mzito

Jamani asanteni sana, mimi ndo niliuliza kwa nini nyama yangu ya ng'ombe inakuwa ngumu na mchuzi majimaji. Safari hii nimechukua nyama ya shingo, ile yenye mishipa mishipa, nikaikausha maji nikaikaanga kidogo kidogo mpaka ikawa kahawia, sikuijaza yote kwenye sufuria kama zamani maana ilikuwa inatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Halafu nikaiacha ichemke kwa moto mdogo kabisa kwa muda wa masaa mawili na nusu. Viazi na karoti nimetia dakika 40 za mwisho, viazi viwili nikaviponda humohumo, aisee mchuzi ukashika bila hata unga! Nyama inakatika kwa kijiko, nimefurahi mno.