Kompyuta za shule: snapshoti inaweza kurudisha hom ya wanafunzi kila asubuhi?

chaki_na_kibodi:
Wakuu heshima yenu. Nafundisha sekondari moja huku mkoani, nimekabidhiwa chumba cha kompyuta, mashine 18 zote Debian (Linux), kila moja ina akaunti mbili, "mwanafunzi" ambayo vidato vyote wanaingia, na "mwalimu". Sasa hii ya mwanafunzi ndo inanizeesha, asubuhi nikiwasha hakuna mashine inafanana na mwenzake, hii walpepa ni mchezaji mpira, ile paneli ya chini imevutwa iko pembeni na saa haipo, nyingine lugha imekuwa Kichina na hakuna aliyegusa, wote malaika. Wiki jana mtoto wa watu kaacha imeili yake wazi, kidato cha pili kizima kimeshasoma. Kila Jumatatu kipindi kinaisha narudisha moja moja.
Nasikia snapshoti (picha ya faili zilivyokuwa wakati fulani) inarudisha folda la hom (faili na mipangilio ya mtumiaji) kama lilivyokuwa ndani ya sekunde, ni kweli? Na kuna mwalimu mwenzangu kafuta faili la maksi juzi, naye ataokoka humohumo? Diski ni ext4 (mfumo wa faili wa kawaida wa Linux). Natanguliza shukrani.

mzee_wa_seva:
Karibu mkuu. Tuanze na msiba, ext4 haina snapshoti, na hata ungekuwa nayo, snapshoti hairudishi kitu kilichofutwa kabla haijapigwa. Kwa hiyo maksi za juzi mwambie azijaze upya tu.
Kwa wanafunzi inawezekana vizuri sana. /home ipe partisheni yake (kipande chake cha diski) uifomati Btrfs, mfumo wa faili wenye snapshoti (kopi vitu vyako pembeni kwanza!!). Siri yake ni kwamba ukipiga snapshoti hakuna kinachokopiwa, vipande vya zamani vinashikiliwa visifutwe na kila badiliko linaandikwa sehemu nyingine ya diski, ndo maana ni papo hapo na mwanzoni haili nafasi. Ila hom ya mwanafunzi isiwe folda la kawaida, iwe sabvolyumu, yaani sehemu inayojitegemea ndani ya Btrfs, hiyo ndo inayopigwa snapshoti:

`btrfs subvolume create /home/mwanafunzi`

Usisahau chown (amri ya kumkabidhi mwanafunzi umiliki) maana hapo mwenye nayo ni root, akaunti kuu ya mashine. Ipange unavyotaka, walpepa, brauza, kila kitu, kisha toka kwenye hiyo akaunti, ingia kama root upige ya asili, ya kusoma tu:

`btrfs subvolume snapshot -r /home/mwanafunzi /home/.asili`

Halafu kila mashine ikiwaka, kabla skrini ya kuingilia haijaja, skripti ifanye haya mawili:

`btrfs subvolume delete /home/mwanafunzi`
`btrfs subvolume snapshot /home/.asili /home/mwanafunzi`

Ya pili haina -r kwa hiyo inaandikika. Kwenye systemd (inayoanzisha huduma mashine ikiwaka) weka Before=display-manager.service. Usiiendeshe mtu akiwa ameingia, utamkatia tawi alilokalia.

Zuwena_wa_teminali:
Mzee wangu na heshima zote, kufomati mashine 18 kwa ajili ya walpepa?? Kaka abaki na ext4 yake, atunze nakala safi kwenye /opt/asili na asubuhi iwe hivi:

`rsync -a --delete /opt/asili/ /home/mwanafunzi/`

Huo mkwaju wa mwisho kwenye /opt/asili/ usiuache, ukiuacha utakuta folda "asili" limekaa ndani ya hom na uchafu wa jana wote uko palepale. Hom safi haizidi MB mia kadhaa, hiyo ni muda wa kufungua madirisha tu.

mzee_wa_seva:
Zuwena kwa wanafunzi sikubishii, inatosha. Snapshoti nazitaka kwa sababu ya huyo mwalimu wa maksi.

bwana_lango:
Hapo kwa mwalimu naomba niseme maana mimi yamenikuta. Ofisini kwetu hom zote ziko kwenye ZFS (mfumo mwingine wa faili wenye snapshoti), snapshoti kila saa. Ijumaa mama mmoja wa uhasibu akaniambia mwanangu nimefuta jedwali la Jumatano, mimi nikajiona fundi, zfs rollback (kurudisha hom nzima nyuma) mpaka Jumatano asubuhi. Ikakataa, ikasema kuna snapshoti mpya zaidi, tumia -r kama unataka zifutwe. Nikaweka -r. Jedwali likarudi kweli, na kazi yake ya siku mbili ikaenda pamoja na snapshoti ambazo zingeiokoa. Hakunisalimia mwezi mzima.
Nilichotakiwa kufanya ni cp (kukopi faili), basi. Ndani ya kila hom ya ZFS (ikiwa ni dataseti yake, yaani sehemu inayojitegemea kama sabvolyumu) kuna folda .zfs/snapshot, hata ls -a haikuonyeshi ila ukiandika cd unaingia, unachukua faili lako moja unatoka. Kwenye Btrfs ndo kabisa, snapshoti ni folda kama mafolda mengine. Rolibaki ni ya mwanafunzi ambaye hana cha kupoteza, mwalimu mkopie faili.
Na zile za zamani uwe unazifuta, mtu akipakua muvi akaifuta, snapshoti bado imeikumbatia, ukipima hom kwa du (amri ya kupima ukubwa wa folda) haionyeshi kitu na diski imejaa.

chaki_na_kibodi:
Asanteni sana. Nimefanya Btrfs, nikatengeneza mashine moja nikaikloni kwenda nyingine tatu nikabadilisha majina ya mashine. Walpepa inarudi safi. Ila ile ya kwanza Chromium inafunguka, hizi tatu inagoma, inasema profaili inatumika kwenye kompyuta nyingine, na inataja jina la ile ya kwanza!

Zuwena_wa_teminali:
😂 Ulipiga ya asili brauza ikiwa wazi. Chromium inaacha kifuli, SingletonLock, ndani yake kuna jina la mashine. Ya kwanza inajiona yenyewe inapita, hizi nyingine zinaona mgeni. Kila asubuhi unawarudishia na kifuli.

`rm /home/mwanafunzi/.config/chromium/Singleton*`

Kisha futa .asili upige upya, safari hii toka kwenye akaunti kwanza kama mzee alivyokwambia.

chaki_na_kibodi:
Imekubali zote nne dada. Zimebaki 14, na za mwalimu naweka kila saa. Maksi kaanza kujaza upya, amefika herufi M.

bwana_lango:
Mnunulie na hadidiski ya nje. Diski ikifa snapshoti zote zinakufa nayo, akarudie tena kuanzia A.