Naomba ushauri: risasi gani nyepesi inafaa kwa bastola ndogo ya kubeba mfukoni?

BabaNeema_TX
Wakuu, habari za humu. Nipo Houston, Texas. Nina Ruger LCP, ile ndogo ya .380, ikiwa tupu haifiki gramu 300. Niliichukua kwa sababu inakaa mfukoni bila mtu kujua. Shida yake inarusha mkono vibaya sana. Nimesoma kwamba kichwa cha risasi kikiwa chepesi mkono unatulia. Za mazoezi ni grain 95, za kujilinda nyingi ni grain 90, na kuna za shaba za grain 50 zinazokwenda kasi kupita kiasi. Nimeshanunua boksi mbili za hizo 50. Wenye uzoefu, nimepatia? Naomba msinitukane, nina mawazo ya kutosha.

Kiroboto
Grain ndio nini? Sisi huku tunajua gramu na kilo.

FundiChuma
Kiroboto, grain 7000 ni ratili moja. Kichwa cha grain 90 hakifiki gramu 6.

Mleta mada, mrusho unatokana na uzito wa kichwa, kasi yake na baruti iliyomo, halafu uzito wa bastola ndio unaoumeza. Ukipunguza kichwa ukaongeza kasi, unachookoa ni kidogo. Bastola yako ni nyepesi, lazima iruke. Halafu kichwa chepesi kinachopasukapasuka hakiendi mbali mwilini. Tarehe 11 Aprili 1986 pale Miami maofisa wawili wa FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, waliuawa na wengine watano wakajeruhiwa. Mmoja wa majambazi alikuwa ameshapigwa risasi ya 9mm, grain 115, ikapita mkononi, ikaingia kifuani, ikasimama kabla ya moyo. Akaendelea kupiga. Baada ya hapo FBI wakaweka kipimo chao: risasi ipenye inchi 12 hadi 18 kwenye jelatini, ule ute mgumu unaoigiza nyama ya mwili. Kwa mtutu wa inchi 2.75 kama wako, hata grain 90 inahangaika kufika. Hiyo 50 mimi nisingeibeba.

Ila nina swali. Unaizungumzia hiyo LCP kama imemuumiza mtu. Nani anaipiga?

Mkongwe wa Kahama
Marehemu baba alikuwa na shotgani ya kulinda ng'ombe. Kibali chake kilipita kwa balozi, kwa mtendaji, kwenye kamati ya ulinzi ya wilaya, hadi baba akazoeleka polisi kama mtumishi wa pale. Na alipokipata alikuwa akilala nayo chini ya godoro, mama hataki kulala chumba kile. Fisi walikuja, baba akapiga, akaua ndama wetu mwenyewe. Nyama tulikula wiki nzima. Silaha ndani ya nyumba mimi sishauri.

Shangazi wa Tandika
Mwanangu, umekwenda Marekani kutafuta maisha au kutafuta vita? Hameni mtaa huo. Na mwombeni Mungu kabla ya kutoka, hakuna risasi inayoshinda dua.

BabaNeema_TX
Asante shangazi, dua tunapiga. FundiChuma, naipiga mimi. Mara mojamoja na mke wangu.

FundiChuma
Mara mojamoja kivipi? Inakwama akipiga yeye?

BabaNeema_TX
Sawa, niseme tu. Bastola ni kwa ajili ya mke wangu. Anafanya kazi usiku nyumba ya kulelea wazee. Gari anaegesha mbali, taa za pale ni za kubahatisha, na mwezi uliopita mwenzake alinyang'anywa pochi akiwa anafungua mlango wa gari. Tulienda kwenye uwanja wa shabaha, risasi ya kwanza ikatoka, ya pili ganda likabanwa kwenye slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma kila ukipiga. Akasema mkono unamuuma, hataki tena. Ndiyo maana nikatafuta nyepesi. Bado hajaanza kuibeba, nasubiri nipate risasi sahihi.

FundiChuma
Hapo sasa tunaelewana. Bastola ya namna hiyo inategemea mkono ulioshika imara ili slaidi irudi mpaka mwisho. Mkono ukilegea inabana, na risasi yenye msukumo mdogo inazidisha tatizo. Ukimpa hizo 50 huenda ikabana zaidi. Dawa ni bastola nzito kidogo. Kampuni ya Smith & Wesson walitoa Shield EZ ya .380 mwaka 2018, slaidi yake laini na uzito wake ni karibu mara mbili ya LCP. Anayeogopa mkono kuumia ataipiga bila kufumba macho. Na angeibeba wapi?

BabaNeema_TX
Mfuko wa sare ya kazi. Ni ndogo, haionekani.

FundiChuma
Bila holista, ule mkoba wa bastola? Pamoja na funguo na kalamu? Kaka, LCP haina sefti ya kidole, kile kitufe cha kuizuia isifyatuke. Kitu kikiingia kwenye kifyatulio akiwa anamgeuza mzee kitandani, unajua kitakachotokea.

DadaWakili
Na hapo hapo kazini: Texas hairuhusu kuingia na silaha hospitali wala nyumba ya wazee yenye leseni bila idhini ya maandishi ya wenyewe. Lakini kuna jambo kubwa kuliko hilo. Kaka, shemeji ana makaratasi?

BabaNeema_TX
Dada, hilo halihusiani na risasi.

DadaWakili
Linahusiana kuliko grain zote zilizotajwa humu. Grinikadi, kibali cha ukaazi wa kudumu, anayo au hana?

BabaNeema_TX
Mimi ni raia. Yeye alikuja kwa viza ya mchumba, K-1, tukafunga ndoa, maombi ya grinikadi yako mezani, kibali cha kazi anacho. Kila kitu halali. Na Texas tangu tarehe 1 Septemba 2021 mtu mzima wa miaka 21 anabeba bila kibali. Wenzake kazini wote wanazo kwenye magari. Mnataka asubiri makaratasi huku anaviziwa?

DadaWakili
Sheria ya Texas inamruhusu yule ambaye sheria ya shirikisho haimkatazi. Kifungu cha 922(g)(5) kinamkataza aliyeingia kwa viza isiyo ya uhamiaji kuwa na silaha au risasi. Soma tena: au risasi. Hata hiyo moja ya grain 50 ikikutwa kwenye mfuko wa sare ni kosa, bastola ikiwa haipo kabisa. K-1 imo kwenye kundi hilo mpaka grinikadi itoke. Tangu 2022 adhabu inafika miaka 15, na wewe unayempa ukijua una kesi yako. Kuna mlango mdogo kwa mwenye leseni ya uwindaji, ila huo apitishwe na wakili wa uhamiaji, usijipitishie mwenyewe.

Na usidhani uwanja wa shabaha ni salama. Rehaif, kijana wa Falme za Kiarabu aliyekuja kwa viza ya masomo Florida akaachishwa chuo, alishtakiwa baada ya kwenda kupiga shabaha. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilisema lazima serikali ithibitishe kwamba mtu alijua hali yake ya uhamiaji. Wewe umeiandika hapa kwa mkono wako.

Kiroboto
Mimi hii naona ni chai. Kwanza bastola yake, kisha ya mke, kisha mke hana grinikadi. Akaunti imefunguliwa jana. Ukurasa wa pili atasema mke ana mimba ya mapacha.

Mkongwe wa Kahama
Hata mimi nilianza kunusa tangawizi. Mtu anajua grain zote lakini holista hajui?

Shangazi wa Tandika
Chai au si chai, mke wa mtu anatembea gizani. Acheni utani.

BabaNeema_TX
Nimekuja na shida nyumbani kwangu mnaniita mwongo. Sina cha kuuza humu.

FundiChuma
Tusibishane. Mkuu, kama ipo, toa risasi zote kwenye magazini na ile ya chemba, iliyo tayari kupigwa, kama imo, elekeza mtutu ukuta wenye usalama. Zisimamishe mezani kwa mstari. Tuambie unaona nini.

BabaNeema_TX
Nimezipanga. Ziko saba, ni zile za grain 90, hizi 50 sijazifungua. Sita ziko sawa. Moja ni fupi, kichwa kimezama ndani ya ganda kiasi cha unene wa ukucha, na ukingo wa ganda una mikwaruzo mingi. Ilikuwa kwenye chemba. Ni mbovu ya kiwandani?

FundiChuma
Si ya kiwandani. Risasi inakuwa hivyo ikiingizwa chemba na kutolewa, kuingizwa na kutolewa, siku nyingi. Kila slaidi ikifunga, kichwa kinagonga na kusukumwa ndani. Usiipige hiyo, kichwa kikizama presha inapanda na bastola ndogo inaweza kupasuka mkononi.

Ulisema hajaanza kuibeba. Nani anaikoki kila jioni?

Kiroboto
Nafuta neno langu la chai. Mkuu, jibu.

DadaWakili
Usijibu humu. Mjibu wakili.

BabaNeema_TX
Nimempigia wakili aliyetufanyia makaratasi, ameniweka Alhamisi asubuhi. Bastola na risasi zote zimeingia sefu, na namba nimebadilisha. Mke wangu ameondoka kwenda kazini amekasirika, anasema nimemwacha mikono mitupu. Sijui nimpe nini usiku wa leo.

DadaWakili
Namba hiyo usimpe hata kwa nia njema, maana akiweza kulifungua sefu wanaweza kusema silaha ni yake pia. Kwa usiku wa leo, kichupa cha dawa ya pilipili cha kuning'iniza kwenye funguo, Texas kinauzwa wazi. Ampigie msimamizi wa zamu kabla ya kutoka, waende na mlinzi hadi kwenye gari.

Shangazi wa Tandika
Na wewe mwanangu nenda kampokee. Kazi yake inaisha saa ngapi?

BabaNeema_TX
Saa moja asubuhi. Ninakwenda, shangazi.