Naomba ushauri: manati yangu inapata shabaha ya karibu, ya mbali inanishinda

Mlinda Mahindi (Kibosho, Moshi)

Habari zenu, ndugu wanajukwaa. Shamba la mama yangu limeandamwa na tumbili tangu mahindi yaanze kubeba, na kwa kuwa sipendi kuwajeruhi, nimetundika madebe matupu kwenye migrevilea ya mpakani ili jiwe likigonga debe, mlio uwatimue. Debe la kwanza liko mita 10 kutoka kibandani, la pili mita 20, la tatu 30. La kwanza nalipata mara nane katika kumi. La pili jiwe hupita chini yake, na la tatu sijaligusa hata siku moja. Panda ni ya mpera, mipira ni ya tyubu ya baiskeli, na ninarusha kokoto ninazookota barabarani. Je, nivute kwa nguvu zaidi?

Fundi wa Njoro

Ndugu, anza na hizo kokoto. Kokoto bapa hupinda njiani kama kigae, na kila moja ikiwa na uzito wake, mkono hauwezi kujifunza lolote. Gololi za beringi ni nzuri, ila shambani utazipoteza zote kabla ya Jumapili. Sisi tulikuwa tunafinyanga vidonge vya udongo, vyote vya ukubwa mmoja, tukivianika kivulini kwanza na juani baadaye ili visipasuke. Kagua pia mipira yako: upande mmoja ukizidi mwingine hata kwa upana wa ukucha, jiwe litakwenda kando daima.

Mwalimu Mstaafu

Kwamba jiwe hupita chini ya debe la pili si bahati mbaya. Tuchukulie linatoka kwa mwendo wa mita 40 kwa sekunde. Mita 10 litazimaliza kwa robo sekunde, na katika muda huo huwa limeshuka kama sentimita 30, kosa ambalo jicho lako limekwisha kulizoea bila wewe kujua. Mita 20 huchukua nusu sekunde, lakini mshuko hauwi mara mbili tu, bali huwa mara nne, yaani zaidi ya mita 1.2, kwa mita 30 unafika mita 2.75, na hapo sijahesabu hewa inayolipunguzia jiwe mwendo. Kwa hiyo usiongeze nguvu. Vuta kwa urefu uleule kila mara, kidole gumba kiguse mahali pamoja, tuseme pembe ya mdomo, kisha badilisha kimo cha mkono wa panda peke yake. Tafuta tawi au fundo la mti lililo juu ya debe, ulifanye ndilo shabaha yako.

Mlinda Mahindi

Shikamoo mwalimu, na ahsante fundi. Kuna jambo moja nimesahau kulieleza: alfajiri mawe huanguka karibu zaidi kuliko mchana, ingawa navuta vilevile.

Fundi wa Njoro

Hiyo ni baridi ya huko kwenu. Mpira uliopoa hurudi kwa uvivu, kwa hiyo uweke mfukoni kabla ya kuanza, lakini usiuache juani mchana kutwa, maana utapasuka. Mipasuko huanzia pale unapofunga. Mdogo wangu alipuuza, mpira ukamkatikia akiwa amevuta, na kovu liko chini kidogo ya jicho. Hakikisha vilevile kwamba nyuma ya madebe hapana njia ya watu.

Mlinda Mahindi

Njia ipo nyuma ya debe la tatu, kwa hiyo nimelihamishia upande wa korongo, umbali uleule. Leo ni siku ya nne tangu nianze na vidonge vya udongo. Debe la pili nimelipata mara sita katika kumi, kwa kulenga fundo la tawi lililo juu yake. La tatu nimeligonga mara moja tu, na tumbili walikuwa wamekwisha kuondoka.