Hilux Revo 2.4: nibaki na 265/65R17, nipande 265/70R17, au niende 285/70R17 moja kwa moja?

MbaoZaMufindi
Wakuu, salaam. Nina Hilux Revo dabo kabini, dizeli ya 2.4, gia za mkono. Tairi ni zilezile za kiwandani, 265/65R17, na sasa zimebaki vipara. Gari inabeba mbegu, mbolea na vijana wa kazi kati ya Mafinga na mashamba ya ndani. Mara kwa mara inashuka Dar kufuata spea na kurudi na mzigo, kwa hiyo mlima wa Kitonga tunaupanda tukiwa wazito. Masika barabara za shamba ni utelezi mtupu. Muuza tairi mmoja anasisitiza nichukue 285/70R17, anasema zinaingia bila kunyanyua gari na nguvu haipungui. Nataka gari ikae juu kidogo, ila isije ikafia mlimani. Nipeni hesabu.

FundiDifu
Mkuu, anza na kipenyo. 265/65R17 ina milimita 776 hivi, 265/70R17 ina 803, na 285/70R17 ina 831. Hiyo ya mwisho imeizidi ya kwako kwa asilimia 7, ya katikati kwa asilimia 3 na nusu.

Nguvu ya injini inazidishwa na giaboksi, inazidishwa tena na difu, halafu ikifika kwenye tairi inagawanywa kwa nusu ya kipenyo. Kigawanyo kikikua, kinachobaki kusukuma gari kinapungua. Kwa 285/70 unapoteza kama asilimia 6 na nusu ya msukumo katika kila gia, namba moja mpaka ya mwisho. Injini iko vilevile, ila gari yenye difu ya 4.10 (shafti inazunguka mara 4.10 tairi ikizunguka mara moja) inakuwa kama umeifunga 3.83. Aliyewahi kubeba magunia kwa baiskeli anaelewa: weka gia kubwa, tambarare unakwenda, mlimani unashuka usukume.

Kwa gari ya gia za mkono wa kwanza kuumia ni klachi. Kila unapoondoka na mzigo inabidi uiachie taratibu zaidi, inasuguana muda mrefu, inapata moto. Na kuna jambo ambalo watu hawalisemi kabisa: kushuka. Unaposhuka Kitonga ukiwa gia ya tatu, injini ndiyo inayokushikilia. Uwiano ukirefuka, mshiko huo nao unapungua kwa kiwango kilekile, na breki inabeba kilichobaki. Breki yenyewe pia inapambana na tairi yenye mkono mrefu zaidi. Mimi hapo ndipo ninapomwambia mteja afikiri vizuri kabla hajalipa.

NarokDizeli
Fundi amesema ukweli, naongeza uzito. 285/70R17 ya M/T (tairi ya tope, meno makubwa) yenye kuta nene inaweza kuzidi tairi yako ya kiwandani kwa kilo sita hadi nane, kila moja. Na kilo iliyo kwenye ukingo wa tairi si kama kilo iliyo kwenye bodi, kwa sababu injini inatakiwa kuisukuma mbele na pia kuizungusha. Wakati wa kuongeza mwendo inahesabika karibu mara mbili. Ndiyo maana mtu anaweza kupiga hesabu ya asilimia 7 kwenye karatasi, halafu barabarani akaona gari imekuwa nzito kuliko hivyo.

Kaka, umewahi kufikiria 235/85R16? Kipenyo chake ni 806 hivi, karibu sawa na 265/70R17, lakini ni nyembamba. Ni ukubwa unaokaribiana sana na 7.50R16, zile za Land Cruiser 79 ambazo huku kwetu ndizo gari za kazi. Penye utelezi wa juu na udongo mgumu chini, tairi nyembamba hukata tope ikapata pa kushika. Ile pana huelea juu yake na kuteleza. Kwa mchanga hesabu inageuka, pana ndiyo bora. Ila kwanza hakikisha rimu ya 16 inapita kwenye kalipa za breki zako, maana si kila Revo inaikubali.

DadaWaUsangu
Mimi nina 285/70R17 kwenye 2.8 otomatiki na sizitoi. Mashamba ya mpunga yana mitaro, na gari inapita pale ilipokuwa inagusa. Lakini kaka, usinitumie mimi kama kipimo. 2.8 ya otomatiki ya kabla ya 2020 ina nyutoni-mita 450. Yako ya 2.4 ina 343 au 400 kutegemea toleo. Mimi asilimia 7 naisikia nikitaka kulipita semitrela: nafasi iliyokuwa inanitosha zamani sasa naiacha ipite. Mlimani giaboksi inahangaika, inaingia ya sita, inarudi ya tano, inaingia tena, mpaka naifunga mwenyewe kwenye ya nne.

Kunyanyua gari nililazimika. Bila hivyo, ukikata usukani tairi inasugua plastiki za ndani ya madigadi. Aliyekwambia zinaingia hivihivi hakukata usukani mpaka mwisho.

Na spidi mita inadanganya. Ikisoma 50, kweli unakwenda 53 na zaidi. Pale Ilula tochi ya trafiki haitakuuliza umefunga tairi gani.

MbaoZaMufindi
Asanteni sana. Dada, ulaji wa mafuta je? Na Fundi, nikibadilisha difu inarudisha kila kitu?

DadaWaUsangu
Umeongezeka, ila usikubali namba za watu ovyo. Kilomita 1,000 za kweli dashibodi inahesabu kama 935. Mtu anagawanya lita kwa hizo 935 analia kwamba gari inakunywa, kumbe sehemu ya kilio ni hesabu. Pima kwa GPS ya simu, jaza tanki mpaka juu, ndiyo utajua.

FundiDifu
Difu inarudisha mvuto, ndiyo. Mwenye 3.909 akifunga 285/70 anahitaji kama 4.18, kwa hiyo seti ya 4.10 inamfikisha karibu. Mwenye 4.10 anahitaji 4.39, atachagua kati ya 4.30 na 4.56. Kama anabeba mzigo, mimi ningempeleka kwenye 4.56.

Lakini gari ni fowili. Lazima ubadilishe mbele na nyuma, uwiano uleule, la sivyo siku unaingiza fowili kwenye ardhi kavu shafti zinapigana na kitu kinavunjika. Hizo ni krauni na pinioni mbili, beringi mpya, na fundi mwenye geji ya kupimia mchezo wa meno. Anayekadiria kwa kidole atakuachia difu inayolia.

Spidi mita inategemea gari inasoma wapi. Za zamani zinazosoma kwenye gia za transifa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma), difu mpya inarekebisha na spidi. Nyingi za sasa zinasoma kwenye magurudumu kupitia sensa za ABS, na hapo difu haibadilishi kitu, spidi itaendelea kusoma pungufu.

Sasa linganisha na faida. 285/70 imezidi kipenyo kwa milimita 55, lakini difu inapanda kwa nusu yake tu: sentimita 2.7. Kwa 265/70 inapanda sentimita 1.3. Springi nzuri zitanyanyua bodi, ila difu ya nyuma inanyanyuliwa na tairi peke yake. Jiulize kama jiwe linalokugusa leo litakuachia kwa sentimita hizo.

NarokDizeli
Naunga mkono. Kwa kazi yako, 265/70R17 ya A/T (ya lami na shamba), meno ya wastani. Asilimia 3 na nusu klachi itaivumilia na difu utaiacha kama ilivyo. Shamba likiteleza, punguza upepo mpaka psi 20 hivi, tairi inalala ndefu na kushika zaidi. Beba pampu ya umeme, ujaze kabla ya kurudi lami.

MbaoZaMufindi
Nakwenda na 265/70R17 A/T. La mwisho: spea tairi nibakize ile ya zamani ya 265/65?

FundiDifu
Hapana. Nunua tano. Ukipata pancha ukafunga ndogo upande mmoja wa nyuma, gia ndogo za ndani ya difu zinazunguka muda wote hata barabara ikiwa imenyooka, na ukiingiza fowili unaibana transifa. Na ukiwa dukani soma namba ya uwezo wa kubeba ubavuni mwa tairi, isiwe chini ya iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Wewe ni mtu wa mbolea, hiyo namba ni muhimu kwako kuliko meno.