MJADALA: Vipimo vya CRP na prokalsitonini (protini za damu zinazopanda mwili ukipata maambukizi makali) viwe lazima kwa kila mtoto anayefika mahututi?

Mama Mbagala: Wakuu, mwanangu wa miezi 14 nilimfikisha hospitali moja hapa Dar anahema mbiombio, kichwa cha moto, miguu ya baridi. Malaria haikuonekana. Tukaambiwa tusubiri. Usiku ndipo wakampima CRP, ikaja juu sana, sindano ikaanza. Kwa nini isipimwe mlangoni?

Mganga wa Zamu: Pole dada. Ila CRP hutengenezwa na ini, huchukua saa 6 hadi 12 kupanda, na kilele chake ni kama siku ya pili. Mtoto aliyezidiwa asubuhi anaweza kupimwa ikaonekana ya chini, mkamrudisha nyumbani. Prokalsitonini huwahi zaidi, lakini malaria kali nayo huzipandisha zote mbili. Halafu akina mama nanyi mnaanzia duka la dawa, mnampa amoksilini dozi nusu, mnatuletea mtoto amechoka.

Mama Mbagala: Sikupita duka lolote! Nimetoka Mbagala saa kumi alfajiri na bajaji, mtoto nimemfunga kanga kifuani. Niombe radhi.

Bi Mkubwa wa Temeke: Duka la dawa halikuombi kontro namba ya malipo kabla hata ya kumgusa mtoto. Mimi mjukuu wangu nililipia nikiwa nimesimama naye dirishani anatetemeka. Hayo yasemeni kwanza.

Mganga wa Zamu: Bibi, shikamoo. Sikuwasema wote.

Baba Twaha: Ulisema "akina mama". Na huku baba mwenye pesa ndiye anayesema "kanunue dawa, nitakuja baadaye".

Kijana wa Maabara: Tusilipoteze swali. Kuotesha damu ni siku mbili tatu, ndiyo maana watu wanavitaka vipimo hivi vya haraka. Lakini vigezo vya kimataifa vya kutambua sepsisi ya watoto (maambukizi yanayofikia kuharibu viungo vya mwili), viitwavyo Phoenix, vya 2024, havina CRP wala prokalsitonini. Laktati, ile inayopanda kwenye damu mwili ukikosa oksijeni ya kutosha, imo. Na mwongozo wa kimataifa wa 2020 unasema mwenye mshtuko, yaani damu haizunguki vya kutosha mwilini, apate antibayotiki ndani ya saa 1, asiye na mshtuko ndani ya saa 3. Majibu yetu yakichelewa, sindano isiyasubiri.

Baba Twaha: Kwa hiyo mashine za vipimo hivyo tuziache?

Kijana wa Maabara: Hapana. Zinasaidia kujua dawa inafanya kazi, na lini isimamishwe. Kinachotangulia ni macho na mikono. Bonyeza kidole cha mtoto kwa sekunde 5, uachie. Rangi ikikawia kurudi zaidi ya sekunde 3, hali mbaya.

Mama Mbagala: Hakuna aliyembonyeza kidole mwanangu. Kutwa nzima tuko kwenye benchi, hakuna hata aliyemshika mguu.

Mganga wa Zamu: Hilo ni kosa letu, dada, silitetei. Anaendeleaje?

Mama Mbagala: Ametoka wodini juzi, anakula uji. Lakini ile ya duka la dawa bado hujaifuta.