Goti limeniharibikia, mazoezi siwezi. Naweza kupungua kwa chakula tu? Naomba ushauri

Nuru_ya_Asubuhi
Habari zenu wakuu, naombeni msinichoke maana maelezo ni marefu kidogo. Mimi ni mama wa watoto wawili, miaka 41, urefu mita 1.65. Mwaka jana niliteleza kwenye ngazi gegedu la goti la kulia likachanika, nikafanyiwa upasuaji na daktari akaniambia kukimbia, kuruka kamba na kuchuchumaa nisahau kwanza. Kutembea natembea ila nikizidisha dakika 15 goti linavimba mpaka suruali inabana. Kabla ya hapo nilikuwa na kilo 78, leo mizani inasoma 94, na kazi yangu ni ya kukaa kutwa nzima.

Nilijaribu kuacha kabisa kula asubuhi na mchana nikawa nakula usiku tu. Wiki ya kwanza zikatoka kilo 3 nikafurahi sana, wiki ya pili mizani haikusogea, ya tatu nikashindwa. Njaa ilikuwa inanikuta jikoni saa nne usiku nakula nimesimama, nikimaliza changu nahamia kwenye mabaki ya sahani za watoto. Kilo zote zikarudi na nyingine mbili juu. Kila ninayemuuliza jibu ni moja tu, fanya mazoezi, sasa mazoezi gani na goti hili? Hivi kwa chakula peke yake haiwezekani? Mwenye uzoefu anisaidie tafadhali, nimekata tamaa.

KijanaMpole
Pole sana dada, usikate tamaa, inawezekana kabisa. Mazoezi ni mazuri kwa moyo, misuli na usingizi ila kwenye kupunguza kilo kazi kubwa inafanywa na chakula. Angalia hesabu hii, mtu wa uzito wako akitembea nusu saa mwendo wa kawaida anachoma kama kalori 150 hivi, na soda moja ya mililita 330 ina karibu 140. Yaani nusu saa yote imeliwa na soda moja. Sasa wewe ambaye huwezi kutembea nusu saa, ukiiacha hiyo soda umepata karibu kile kile na goti limepumzika.

Mama_Mapacha
Mdogo wangu nimesoma hapo kwenye mabaki ya watoto nikajiona mimi. Nina tatizo la pingili za mgongo, kuinama tu ni shida, na nimetoa kilo 14 kwa miezi 11 bila mazoezi ya maana. Nakwambia nilichofanya.

Kwanza mafuta ya kupikia. Mimi nilikuwa namimina kwa macho, kama wengi wetu. Siku moja nikamimina kwenye bakuli kiasi kile kile nilichozoea halafu nikayapima kwa kijiko kikubwa, vikatoka vijiko saba, na hiyo ni mboga moja ya watu wanne! Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kama kalori 120, haijalishi ni mafuta gani, hata yale tunayoambiwa ni mazuri kwa moyo, kwenye kalori yote ni yale yale. Sasa hivi naweka viwili, kitunguu kikianza kushika chini naongeza maji kidogo na kufunika. Wiki ya kwanza nyumbani walilalamika, ya pili hakuna aliyekumbuka.

Pili sahani. Nusu mboga za majani au mboga yoyote isiyo ya wanga, robo kitu cha protini kama mayai, samaki, kuku au maharage, robo inayobaki ndiyo wali au viazi. Naanza na mboga na protini, wanga namalizia, nikifika huko njaa imeshatulia. Wanga sijauacha na sitauacha, niliwahi kuuacha nikawa mkali kwa watu mpaka wanangu wakanikimbia.

Tatu hayo mabaki. Watoto nawapakulia kidogo, akitaka anaongezewa, kwa hiyo hakuna kinachobaki cha kunisumbua. Nikimaliza kula usiku nasafisha meno hapo hapo na jikoni nazima taa. Na asubuhi kula dada, kula mayai au maharage ushibe. Njaa ya saa nne usiku inatengenezwa asubuhi.

Jani_Bichi
Mi ningeshauri utafute ile chai ya kusafisha tumbo na maji ya limao asubuhi kabla ya kula kitu, shemeji yangu alipungua kilo 4 ndani ya siku 7, mafuta yanatoka yote.

Nesi_wa_Zamu
Jani_Bichi najua nia yako ni njema ila hapo naomba nikupinge. Chai nyingi za aina hiyo zinaharisha, kinachotoka ni maji na choo, mafuta yanabaki pale pale. Ukizizoea utumbo unavurugika na chumvi za mwili zinapotea, na hilo ni hatari kwa moyo. Limao nalo halichomi mafuta, kunywa kama unalipenda.

Dada Nuru, hata zile kilo 3 zako za wiki ya kwanza nyingi zilikuwa maji. Mwili unatunza akiba ya sukari kwenye ini na misuli, na kila gramu ya hiyo akiba inashikilia kama gramu 3 za maji, ukikaa na njaa akiba inaisha na maji yanatoka nayo. Hukushindwa wiki ya pili, maji ndiyo yalikuwa yamekwisha. Mafuta halisi yanatoka taratibu, nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki ni mwendo mzuri, ukikimbiza sana unapoteza misuli na unaweza hata kupata mawe kwenye kifuko cha nyongo.

Usianze kuifikiria 78 leo. Asilimia 5 ya uzito wako ni kama kilo 4.7, hapo tu presha na sukari huwa zinaanza kukaa vizuri. Na goti lenyewe litakushukuru, kila kilo moja unayotoa inalipunguzia goti mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua.

Maswali mawili. Una kisukari au unatumia dawa za kushusha sukari? Kama ndiyo usipunguze chakula kabla ya kumuona daktari, sukari inaweza kushuka ghafla ukazimia. Pia kuna dawa zinazoongeza hamu ya kula, mfano prednisolone, kama upo nazo zungumza naye, usiache mwenyewe. Na umuulize mtaalamu wa viungo kama unaruhusiwa kukaa kwenye kiti ukanyoosha mguu na kuushusha, ni kwa ajili ya misuli ya paja ishike goti, kazi ya kupunguza kilo kiachie chakula.

Nuru_ya_Asubuhi
Nimesoma mpaka machozi yamenitoka, asanteni sana. Nesi, kisukari sina, nilipima mwezi uliopita, dawa natumia za maumivu tu na si kila siku. Dada Mama Mapacha nimeenda jikoni sasa hivi kupima mafuta yangu, vijiko sita. Soda sinywi, ila nimehesabu chai, nakunywa vikombe vinne kwa siku na kila kimoja sukari vijiko vitatu. Sijui kama hiyo ni nyingi.

Nesi_wa_Zamu
Ni nyingi dada. Kijiko kidogo cha sukari kilicho sawa ni kama gramu 4, vijiko 12 ni gramu 48. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi gramu 50 kwa siku, na ni bora zaidi ikiwa chini ya 25. Wewe kwa chai peke yake umeshaikaribia hiyo 50.

Mama_Mapacha
Usikate yote kwa mkupuo utarudi nayo. Wiki hii vijiko viwili, wiki ijayo kimoja na nusu, ulimi unazoea. Na mizani panda mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi kabla ya kula. Ukikaribia siku zako uzito unapanda kwa sababu ya maji, usitishike.

Nuru_ya_Asubuhi
Sawa dada. Kikombe cha jioni nimeweka viwili, kimekuwa kichungu kidogo ila nimekimaliza. Napima Jumamosi.