Fundi kanifungia shelfu kwenye plasta, imeanguka juu ya kitanda cha mtoto

Wakuu, mnivumilie, naandika nikiwa na hasira.

Wiki tatu zilizopita nilimwita fundi hapa kwangu Tabata anifungie shelfu mbili za kuelea, zile ambazo chuma chake kinajificha ndani ya ubao. Ufundi peke yake elfu themanini. Vifaa nilivifuata mwenyewe Kariakoo: fisha za milimita 10, zile plastiki zinazoingia tunduni kushika skrubu, na skrubu za inchi 3. Alikuja na pima maji, akapima mara tatu, na kweli zilinyooka.

Jana saa mbili usiku ya juu imeshuka na vitabu vyote kwenye kitanda cha mwanangu. Mtoto alikuwa sebuleni anamalizia uji kwa bibi yake. Uji tu ndio uliomchelewesha!

Nimemulika matundu kwa tochi. Moja lina vijiti vya kiberiti, jingine limeshindiliwa karatasi ya mfuko wa saruji. Fisha iliyochomoka ina urefu wa sentimita mbili na nusu, siyo niliyonunua mimi. Plasta ya ukuta huu ni sentimita mbili. Yaani kwenye tofali iligusa tu! Skrubu zangu sijui kaenda kuzifunga kwa nani.

Shelfu ya namna hii haina mkono wa kuibeba kwa chini. Ubao ukitokeza sentimita 25, mzigo wa mbele unaugeuza mtaimbo unaong'oa skrubu za juu. Ndiyo maana tundu linatakiwa livuke plasta liingie ndani ya tofali sentimita tano au zaidi, lipulizwe vumbi, na fisha iingie kwa kugongwa, siyo kwa kidole. Haya fundi anayajua, mimi ndiye nimejifunza jana usiku.

Nimempigia, ananiambia, "Dada, ukuta wako mchanga mtupu." Sasa ulipoona biti ya drili inazama kama kwenye unga, mdomo ulikuwa nao, kwa nini hukusema? Ningeweka kabati la chini yakaisha. Umeziba kwa kiberiti, ukapokea hela, ukaniaga vizuri kabisa.

Nataka elfu themanini yangu, na plasta ya mwenye nyumba airudishie fundi mwenyewe.

Shelfu ya pili nimeishusha asubuhi hii. Bisibisi sikuigusa, nimevuta kwa mkono mmoja ikaja.